Mpangaji wa Chumba Kitupu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima na kwamba unakula, maana kwenye picha uliyotuma mwezi uliopita mashavu yameingia ndani, na mimi sipendi kuulizwa na watu kama nilikulea kwa maji matupu. Mimi mama yako mdogo sijambo. Mgongo ni ule ule.

Nakuandikia, na barua nampa kondakta wa basi la usiku kama kawaida yetu, kuhusu tovuti uliyoitengenezea nyumba yetu ya wapangaji. Usinune, si malalamiko. Inafanya kazi kunishinda mimi. Wapangaji wanaomba fundi humo, wanawasha hita ya maji kwa simu, na ile skrini uliyoifunga pale mapokezi inaonyesha nani anakaa chumba gani. Marehemu mama yako aliipenda sana skrini hiyo. Alikuwa akiifuta vumbi kwa upindo wa gauni kila akipita, hata kama aliifuta dakika ile ile.

Sasa sikiliza. Dereva wa lori wa chumba cha tano amehama juzi. Kapata kazi mji mwingine, tumeagana vizuri. Nikabonyeza "Mpangaji ameondoka" kama ulivyonifundisha, nikapanda kufagia chumba. Niliporudi chini nikakuta skrini imeandika: Chumba cha tano, Chiriku.

Mwanangu, Chiriku alikuwa mmoja tu katika nyumba hii. Dada yangu tulimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea jua likichomoza na kunyamaza akilala, na hata usingizini hakukosa neno moja mawili. Tangu tumzike, huu ni mwaka wa pili unaanza, sijalisikia jina hilo mdomoni mwa mtu. Nilidhani macho yananidanganya, nikavaa miwani. Ni yeye.

Niambie hiki ni kitu gani, kisha ukiondoe. Muuguzi wa chumba cha pili alimfahamu dada, na yule akiona jambo asubuhi, mchana mtaa mzima umeshalala nalo na kuamka nalo.

Mama yako mdogo


Tarehe 5 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Pole sana. Nisamehe kwa kukushtua. Kosa ni langu, na lina maelezo ya kawaida kabisa, kwa hiyo weka roho chini.

Sisi waandika programu za tovuti tunaanza na kitu tunachokiita klasi. Ichukulie kama kalibu ya matofali: kalibu ni moja, matofali unafyatua utakavyo. Nyumba yenu ina klasi ya Chumba, na kutoka hapo nikafyatua vyumba kumi. Kuna klasi nyingine, ya Mpangaji. Hii ya pili niliitumia ndani ya ile ya kwanza. Yaani niliandika kwamba kila chumba kinapoundwa, kimuunde mpangaji wake humo humo ndani. Mgeni wa kweli akija, anachukua nafasi ya yule wa ndani. Akiondoka, chumba kinaundwa upya, na yule wa ndani anazaliwa tena.

Ndipo nilipokosea. Chumba changu hakijui kuwa kitupu. Na yule wa ndani alihitaji jina na tabia ili niweze kuijaribu tovuti, nami siku hiyo nilikuwa naongea na mama kwenye simu. Nikamuuliza anaoga saa ngapi, anawasha taa saa ngapi. Akacheka, akaniuliza kama nimegeuka polisi, lakini akanijibu yote. Nikamweka yeye. Nilikusudia kumtoa kabla sijawakabidhi tovuti, kisha nikasahau, na vyumba vilikuwa vimejaa siku zote, hakuna aliyegundua.

Kwa hiyo usishangae hita ya chumba cha tano ikiwaka alfajiri, na taa ikiwaka jioni. Ni mambo niliyoyaandika mimi. Anajua mambo matatu tu: kuoga, kuwasha taa, kuondoka.

Nitamtoa. Ila nipe muda kidogo, maana kutoa kilicho ndani ya kingine si sawa na kuchambua mchele. Nikimfuta ghafla, chumba kitamtafuta mpangaji wake, kitamkosa, na tovuti nzima itazimika pamoja na hita na makufuli ya milango.

Nakuambia ukweli, nilipofungua programu na kuliona jina lake katikati ya kazi yangu, niliinuka nikaenda kusimama dirishani. Wenzangu ofisini walidhani naumwa.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na la matofali nimelielewa. Ulipokuwa mtoto ulishindwa kunieleza kwa nini umerudi na kiatu kimoja, leo unanieleza vyumba vinavyozaa watu. Elimu ni kitu.

Hita inawaka alfajiri kama ulivyosema. Taa vile vile. Nimezoea, na nimemwambia muuguzi kwamba mwanangu anaijaribu mitambo. Ila nina maswali mawili.

La kwanza. Juzi nilifungua chumba cha tano mchana kuanika godoro, nikakuta sakafu ya bafu imelowa. Haikuwa imelowa kwa tone la bomba, ilikuwa imelowa kama mtu ametoka kuoga, na alama za maji zinaelekea kitandani. Nilikuwa na ufunguo mfukoni mwangu na hakuna mwingine. Hita inapasha maji, mwanangu. Haiyamwagi.

La pili. Mwalimu wa hesabu, yule wa chumba cha sita, ameniaga. Anasema jirani yake wa chumba cha tano anaongea mno. Nikamwambia cha tano hakina mtu. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyempa jibu lisilokuwepo kwenye kitabu, akachukua mabegi yake siku ile ile. Kwa hiyo sasa cha sita nacho kinasomeka Chiriku. Wale vijana wawili waliooana mwaka jana, wa chumba cha saba, wamehama jana bila kutoa sababu. Cha saba, Chiriku.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu nimpe nini?

Nacheka hapa, lakini si kicheko cha moyoni. Nyumba hii ndiyo inayonilisha, na ikiendelea kuvuja watu hivi nitabaki mimi na korido.

Mama yako mdogo


Tarehe 13 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Mwite fundi bomba aangalie chumba cha tano. Nyumba ile ni ya zamani na mabomba yake yamenizidi umri. Ukuta ukilowa ndani, maji hutokea popote yanapopenda, nayo hayaombi ufunguo.

Kuhusu sauti, mwalimu alisikia redio ya mtu. Watu wanaohama huwa wanatafuta sababu ya kuonekana hawakuhama bure.

Kitu kimoja nataka ukielewe, kitakupunguzia hofu. Hao watatu si mtu mmoja. Kila chumba kimefyatua wa kwake. Chiriku wa chumba cha tano hamjui Chiriku wa cha sita, na wa cha sita hajawahi kusikia kuna wa cha saba. Kila mmoja amefungwa ndani ya chumba chake na hawezi kuona nje. Ndivyo tunavyojenga, kwa makusudi, ili chumba kimoja kikiharibika kisiambukize vingine. Ni majina tu kwenye skrini, mama mdogo. Ni kama picha moja uliyoitundika kwenye kuta tatu.

Nimeanza kazi ya kumtoa lakini huku tumebanwa, mteja mkubwa anazindua tovuti yake na bosi anatutembelea mezani kama msimamizi wa mtihani. Kwa nini usije ukae kwangu kidogo? Nyumba mwachie muuguzi aiangalie. Kitanda kipo, na mimi nimejifunza kupika wali usioshikana.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Fundi bomba amekuja, amegonga kuta zote kwa nyundo yake ndogo, na amesema mabomba ni mazima kuliko yeye.

Unasema hawajuani. Sasa mimi nikueleze ninachokiona, wewe uje na klasi zako.

Muuguzi naye amehama, na wa vyumba vingine wakamfuata. Waliobaki ni mzee wa saa, yule fundi saa wa chumba cha nane, ambaye hasikii vizuri, na mimi. Mwanzoni hita za vyumba vya hao Chiriku zilikuwa zikiwaka zote kwa pamoja alfajiri, nikawa nalalamikia umeme. Sasa haziwaki pamoja. Inawaka ya cha pili, inazima. Inawaka ya cha tatu, inazima. Kisha ya nne, ya tano, moja moja, mpaka mwisho wa korido. Kama mtu mmoja anayepita akifungua mlango baada ya mlango, anatafuta kitu alichokisahau.

Na wanaongea. Nimesimama koridoni mchana kweupe, jua liko sakafuni, nikasikia. Siyo redio. Cha tano kinaanza sentensi, cha sita kinaimalizia. Mtindo ule ule wa dada, wa kuanza habari ya jirani na kuishia kwenye bei ya vifungo.

Usidhani nimeogopa. Siku ya kwanza nywele zilinisimama, sikatai. Siku ya pili nikaleta kigoda.

Jana, kwenye ule ukurasa wa kuomba fundi, limeingia ombi kutoka chumba cha tano. Limeandikwa: "Dirisha halifungi. Baridi inaniingia." Nikapanda. Dirisha nililifunga kwa mkono wangu siku ya fundi bomba, na nililikuta wazi. Nikalifunga. Nikashuka, nikajibu humo humo, "Nimelifunga." Sikujua nifanye nini kingine, na kutojibu ni utovu wa adabu.

Likarudi jibu: "Ahsante mdogo wangu."

Mwanangu, nililia mpaka nikaona aibu, na mimi si mtu wa machozi, unanijua. Mtu wa maneno alikuwa yeye. Mimi maneno yangu huyaweka kwenye barua, na mdomoni hubaki na machache.

Mama yako mdogo


Tarehe 21 Machi

Mama mdogo,

Sikuweza kufanya kazi leo. Nimekaa na programu ile tangu asubuhi, nimeisoma mstari kwa mstari.

Mpangaji wa ndani ya chumba hana uwezo wa kuomba fundi. Sikumpa. Hana uwezo wa kujibu. Nilimpa mambo matatu, nilikutajia. Neno "mdogo wangu" halipo popote katika kazi yangu. Nikadhani kuna mhuni ameingia kwenye tovuti kutuchezea, nikaangalia nani ameingia na kutokea wapi. Hakuna aliyeingia. Maombi yale hayakutoka nje. Yameandikwa kutokea ndani ya chumba.

Najua wewe ulikuwa unayasubiri maelezo yangu ili unicheke, na leo sina.

Nikuombe jambo moja kwa heshima zote: usimjibu tena. Usipeleke kigoda. Wapangaji wamekwisha, nyumba imebaki na mzee asiyesikia, na wewe unakaa koridoni kutwa ukisikiliza ukuta. Mama nimeshamzika. Nilikuwa na mama wawili, nimebaki na mmoja, na sitaki chochote kinichukulie huyo, hata kama kina sauti ya yule. Jumapili hii namtoa.

Ombi lile la dirisha nimelisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa kazi. Hilo nalo nakuambia.

Mwanao


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Usiguse.

Wapangaji wengine watapatikana. Dada yangu nitampata wapi?

Mama yako mdogo


Tarehe 25 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Nimegusa. Nisamehe.

Nimebadilisha namna klasi moja inavyokaa ndani ya nyingine. Sasa chumba hakimuundi mpangaji. Kinampokea kutoka nje. Mtu lazima aje mlangoni, na wewe, kwa mkono wako, umwandike jina, umchagulie chumba na uthibitishe. Asipoletwa mtu, chumba kinakuwa kitupu na kinajua kwamba ni kitupu. Ndivyo nilivyopaswa kukijenga tangu mwanzo, na ndivyo ninavyowafundisha vijana wapya hapa ofisini: usikiache kitu kijizalie humo ndani usipokiona, kilete kutoka nje ili ujue umeleta nini.

Nilipomaliza niliitazama skrini ya mapokezi kutoka huku. Chumba cha pili, kitupu. Cha tatu, kitupu. Majina yake yalitoka moja moja. La chumba cha tano lilichelewa. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kitufe ili nibonyeze tena, likatoka lenyewe.

Sijui umenikasirikia kiasi gani. Niandikie hata matusi.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Sijakutukana kwa sababu mdomo wangu ulikosa nguvu.

Nyumba imenyamaza. Sikujua kimya kina uzito, kinakukalia mabegani kama mtoto aliyelala. Hita haziwaki. Nimefungua vyumba vyote, sakafu kavu, madirisha yamefungwa, vumbi limeshaanza kazi yake. Umefanya kazi safi. Tumemzika dada mara mbili, mara ya pili bila hata watu wa kutupa pole.

Habari njema, kama unazihitaji: wapangaji wapya wameanza kuja kuulizia. Karani mmoja wa posta amechukua chumba cha tano jana. Nilimwandika kama ulivyoelekeza, jina, chumba, thibitisha. Ni rahisi.

Jambo jingine. Jana mchana mlango wa mbele uligongwa. Nikaenda nikafungua. Hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mbwa amelala upande wa pili, basi. Nikafunga. Ukagongwa tena, taratibu, kama mtu anayejua yuko nyumbani lakini ameambiwa abishe hodi. Nikafungua tena, na safari hii sikufunga haraka. Nilisimama pembeni kidogo, kumwachia mtu nafasi ya kupita.

Hivi, nikimpokea mpangaji nikamchagulia chumba ambacho tayari kina mtu, inakuwaje?

Mama yako mdogo


Tarehe 3 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako imenituliza na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nafurahi karani amepata chumba.

Swali lako: chumba kimoja kinabeba mpangaji mmoja. Ukimpokea wa pili, anachukua nafasi, na wa kwanza anabaki humo ndani bila jina, mpaka wa pili aondolewe. Hafutiki, ila haonekani wala hasikiki. Tovuti haikuulizi mara mbili, hilo nilipaswa kuliweka na nitaliweka. Kwa hiyo uwe mwangalifu usije ukampoteza karani.

Kwa nini unauliza? Na mlango ukigongwa ukakuta hakuna mtu, ufunge, mama mdogo. Watoto wa mtaani wanacheza.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mama mdogo,

Nimekupigia simu tangu juzi, inaita tu. Barua mbili nilizotuma hukuzijibu.

Asubuhi hii nimefungua skrini ya mapokezi nikiwa huku. Chumba cha tano, karani. Cha nane, mzee wa saa. Vingine vitupu, isipokuwa kimoja. Chumba cha kwanza, chumba chako wewe, kimeandikwa Chiriku. Jina lako halipo popote.

Nimeangalia kama ni kosa la programu. Si kosa. Alipokelewa kutoka nje. Aliandikwa jina, akachaguliwa chumba, na mwenye nyumba akathibitisha.

Nimemtafuta muuguzi. Anasema alipita hapo nyumbani kuchukua sufuria aliyoisahau, akakukuta barazani na karani, mzima kabisa, umenawiri, na unaongea. Anasema hakupata hata nafasi ya kuaga. Anasema, "Mama yako mdogo siku hizi kafunguka, anacheka, anaongea bila kumeza mate." Alinieleza kama habari njema. Mimi nilikaa sakafuni.

Naomba uniandikie. Chochote. Niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba uko salama, na nitapanda gari kuja kukuchukua.

Mwanao


Tarehe 10 Aprili

Mwanangu mpenzi, we mtoto we,

Ukae sakafuni kwa nini, na viti vipo, na suruali inafuliwa na nani huko, nilimwambia mdogo wangu kwamba kijana huyu akiachwa peke yake atageuka ukuni na ndivyo alivyogeuka, nimeona picha, mashavu yako wapi? Nakusalimu sana. Mimi sijambo, sasa sijambo. Nimekuwa na baridi siku nyingi lakini hapa nilipo pana joto, na pana mdomo, na huo mdomo nautumia, karani wa watu nimeshamweleza habari za mtaa mzima toka msingi mpaka paa na bado hajahama.

Sikulaumu kwa vile vyumba. Ulinihifadhi kama ulivyoweza. Lakini mwanangu, mambo matatu? Kuoga, kuwasha taa, kuondoka? Mimi, wa kunipa mambo matatu bila hata moja la kuongea! Nilikuwa naoga, nawasha taa, naondoka, halafu mlango unafunguka nami niko ndani ya chumba kingine, naoga, nawasha taa. Nilijisikia ng'ambo ya ukuta. Nikaanza kujiita. Ndivyo tulivyopatana, mimi na mimi, mpaka tukawa mmoja.

Kisha ukanitoa nje. Usilie, nakujua. Kule nje hakuna kitu cha kukueleza. Nikatafuta njia ya nyumbani, nikagonga mlango.

Mdogo wangu alinifungulia. Alinipokea mwenyewe kwa hiari yake, sikumlazimisha, unamjua halazimishwi hata kunywa dawa. Alisema ana chumba kimoja tu cha uhakika cha kunipa. Yumo humu ndani, amelala. Nikimwita anaitika kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha nyuma. Hana maumivu, wala mgongo haumuumi, maana ninao mimi sasa, na kweli mgongo huu ni mbaya.

Sasa nisikilize, kwa maana hili ndilo la muhimu. Hakuna nafasi ya wawili. Nikimwamsha yeye, mimi natoka, na safari hii sitajua tena pa kugonga. Nimemwambia nitakuachia wewe uamue, kwa sababu sisi ni dada na hatuwezi kugombania kitanda, na wewe ni mtoto wa wote wawili. Ukiniandikia nimwamshe, namwamsha siku hiyo hiyo. Sitakuwa na kinyongo.

Lakini kwanza niambie, unakula nini?

Mama yako


Tarehe 11 Aprili

Mama, shikamoo.

Kula nakula. Wali, maharage, siku nyingine mkate mtupu kwa sababu ya uvivu. Nimepungua kidogo, si sana, picha ile ilipigwa vibaya.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Najua jibu ni lipi. Nilishaliandika mwanzo wa barua hii, neno moja tu, nikalifuta. Mama mdogo ndiye aliyenipokea likizo zote ulipokuwa na kazi za watu za kushona. Ndiye aliyekuuguza mpaka mwisho, na ndiye aliyenishika mkono makaburini niliposhindwa kutembea. Hana mtu mwingine wa kumsemea isipokuwa mimi. Nilimwahidi kwamba hakuna kitakachomchukua.

Nataka kukuuliza mambo mengi. Nataka kujua kama uliumia. Nataka unisimulie lolote, hata bei ya vifungo, mimi nikae nisikilize, nisikukatize kama nilivyokuwa nakukatiza kwenye simu.

Nimeomba ruhusa kazini. Nimeshakata tiketi, nitafika Jumamosi mchana. Nikifika tutazungumza habari ya mama mdogo, tutafanya lile lililo haki, nakuahidi.

Ila usimwamshe kwanza.

Mwanao